Mpaka wa Spishi: Historia ya Saksifraga za Ayalandi na Pyrenees

Tangu karne ya 17, watunza bustani wa London wamekuwa wakiotesha mmea mdogo wenye majani mazito yaliyojipanga duara karibu na ardhi, na bua jembamba la kama sentimita 30 lenye maua madogo meupe ya madoa mekundu. Mmea huo huvumilia kivuli, moshi na udongo duni, ndiyo maana ulienea jijini kote na Waingereza wakauita London Pride. Kila mtu aliufahamu. Hata hivyo wataalamu wa mimea waliukosea kwa vizazi, wakiuita kwa jina la mmea mwingine, na jina unalolitumia leo, Saxifraga × urbium, lilitolewa mwaka 1963. Kuchelewa huko kulitokana na njia iliyotegemewa, yaani kuamini alama moja, hasa umbo la jani lililokaushwa. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba spishi mbili zinazokaribiana sana hutenganishwa kwa haki pale tu mashahidi kadhaa wanapokutanishwa: mahali mmea unapoota, unavyobadilika ukihamishwa, unavyozaana na jirani zake, na vinasaba vyake. Mashahidi hao wakipingana, huko kupingana kwao nako kuna habari ya kutafutwa.

Carl Linnaeus wa Uswidi ndiye aliyeipa jenasi ya Saxifraga utaratibu wake wa kisasa katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka 1753. Ni mimea ya baridi na ya mawe. Saxifraga oppositifolia hufika kaskazini kabisa mwa Greenland, na katika milima ya Alps imeonekana ikichanua karibu na mita 4,500 juu ya usawa wa bahari. Barani Afrika saksifraga zipo katika milima ya Atlas na nyanda za juu za Ethiopia. Kilimanjaro na Mlima Kenya, pamoja na baridi yake yote, hazikufika. Kundi linalohusika na ugomvi wa London Pride ni dogo, lina spishi nne tu. S. hirsuta ina jani la mviringo lenye manyoya pande zote mbili, juu ya kikonyo kirefu chembamba. S. spathularis ina jani la umbo la mwiko, lisilo na manyoya mengi, na ukingo wenye meno makali ya pembetatu. Jani la S. umbrosa linaelekea umbo hilohilo, ila meno yake ni butu, ukingoni lina utepe mpana unaopitisha mwanga, na kikonyo chake ni kifupi, kipana, chenye manyoya mengi pembeni. S. cuneifolia ni ndogo kuliko zote na jani lake halina manyoya. Ukiyasoma maelezo haya ukiwa mezani, unaona kazi ni nyepesi. Mlimani mambo hubadilika. Jani lililokulia kivulini hurefuka, lililokulia juani hufupika na kukaza, na yote mawili yakishabanwa katika karatasi na kukauka, utepe wa ukingoni hufifia na huwezi tena kujua kikonyo kilikuwa bapa au cha mviringo. Aliyeletewa karatasi hiyo London au Berlin alikuwa akiamua kesi ambayo nusu ya ushahidi wake imepotea njiani.

Karne ya 19 ilianza kwa kugawa. Adrian Haworth, Mwingereza aliyeipenda sana mimea ya bustani, aliona kwamba jenasi moja ya Saxifraga imebeba vitu vingi mno. Mwaka 1812 alianza kuikata vipande, na mwaka 1821 alichapisha orodha nzima ya mimea hiyo kwa mtazamo wake. Kundi la London Pride alilipa jenasi yake, Robertsonia. Kundi jingine, lenye majani yote chini na bua tupu, aliliita Micranthes. Mwaka uliofuata David Don alichapisha uchunguzi wake wa jenasi hiyo na kuzirudisha saksifraga pamoja, lakini ndani yake akaongeza spishi, baadhi kutokana na vijimea vya Ayalandi vilivyotofautiana kidogo kwa manyoya na kwa mkunjo wa jani: S. affinis, S. incurvifolia na nyinginezo. Wengine walimfuata. Kila mtu aliyepanda mlima wa Kerry na kushuka na kichaka chenye sura ngeni alikuwa na nafasi ya kutoa jina. Mwaka 1872 Adolf Engler, kijana Mjerumani wa miaka 28, alitoa kitabu kikubwa kuhusu jenasi yote, akazipanga spishi kwa sehemu na kuzingatia zinavyotawanyika duniani. Kazi hiyo aliirudia akiwa mzee, pamoja na Edgar Irmscher, katika majuzuu ya mwaka 1916 na 1919. Engler alikuwa mtu wa kuunganisha, na jenasi za Haworth zilifutwa. Kwa muda mrefu Haworth alihesabiwa kuwa mtu aliyevuka mpaka. Baadaye tutaona kwamba hukumu hiyo ilikuwa nusu ya haki.

Msomaji anaweza kuuliza mapema: kwa nini watu wazima wahangaike na meno ya jani la ua ambalo halina thamani sokoni? Jibu liko katika ramani. Katika kusini-magharibi mwa Ayalandi hupatikana mimea kadhaa ambayo ndugu zake wa karibu wako Hispania na Ureno, na haimo porini Uingereza, kisiwa kilicho katikati. Saksifraga ni miongoni mwake. Imefikaje huko? Je, ilinusurika zama za barafu mahali fulani pwani, ilirudi kwa nchi kavu ambayo baadaye ilimezwa na bahari, au ililetwa na watu au ndege? Wanajiolojia na wataalamu wa mimea wamebishana kwa zaidi ya karne, na kila upande umeitumia mimea hii kama ushahidi. Sasa fikiria kwamba mmea wa milima ya Ayalandi uliandikwa vitabuni, kwa muda mrefu, kwa jina la S. umbrosa. Jina hilo ni la mmea wa Pyrenees. Mmea wa Ayalandi kwa kweli ni S. spathularis, uliowahi kuelezwa kutoka Ureno na Félix Brotero mwanzoni mwa karne ya 19, na ambao kwao ni kaskazini mwa Ureno na kaskazini-magharibi mwa Hispania. Kosa la jina moja liliielekeza njia nzima ya safari kwenye mlima usiohusika.

Aliyeanza kulisafisha jambo hili nchini Uingereza ni Herbert William Pugsley, mtumishi wa serikali aliyefanya botania nje ya saa za kazi, katika makala yake ya mwaka 1936 kuhusu kundi hili. Alikuwa na jicho kali na aliona tofauti ambazo wengine walizipita. Lakini jicho kali lina hatari yake. Anayezoea kuona tofauti huishia kuzipa kila mojawapo hadhi ya spishi, na kufikia katikati ya karne ya 20 saksifraga za Ayalandi na Uingereza zilikuwa zimebeba majina mengi kuliko ambavyo mtu yeyote angeweza kuyatetea mbele ya mimea hai.

Hapo ndipo anapoingia David Webb wa Trinity College, Dublin. Alizaliwa mwaka 1912 na akafariki mwaka 1994, na sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliitoa kwa saksifraga. Alichokifanya ni rahisi kukieleza na kigumu kukitekeleza: alikusanya mimea hai kutoka milimani, majabalini na pwani, akaiotesha pamoja katika udongo mmoja na hali ya hewa moja, na akaivukisha chavua kwa mkono kuona ipi inazaa na ipi. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na jani la saksifraga limo katika kanuni hiyo kwa kiasi kikubwa. Tofauti iliyoletwa na upepo au ukavu wa mwamba hufutika bustanini. Tofauti iliyomo katika mbegu hubaki. Mwaka 1950, katika chapisho la Chuo cha Kifalme cha Ayalandi, Webb aliyapunguza majina ya saksifraga za zulia, kundi jingine la jenasi hiyo, za kaskazini-magharibi mwa Ulaya yakabaki machache: S. hypnoides yenye ncha nyembamba za majani na vichipukizi vya kutambaa, S. cespitosa yenye manyoya mafupi ya kunata, na S. rosacea, ambayo ndani yake yaliingia majina mengi ya awali. Jambo linaloonyesha uadilifu wa njia yake ni hili: katika kazi hiyohiyo alitoa jina jipya, S. hartii, kwa mmea wa kisiwa cha Arranmore, Donegal, na baadaye yeye mwenyewe akalishusha likawa nususpishi ya S. rosacea. Kwake jina lilikuwa dhana inayopimwa. Halikuwa mali ya kulindwa.

Kuhusu London Pride, ushahidi uliomaliza kesi ulitoka katika jiografia na uzazi vikisomwa pamoja. Mmea wa bustani una kikonyo chenye manyoya pembeni kama S. umbrosa, na jani refu lenye meno yanayokaribia ya S. spathularis. Mbegu zake nyingi hazikomai, na huenea zaidi kwa vichipukizi kuliko kwa mbegu. Dalili zote zinaelekeza kwa chotara wa spishi hizo mbili. Lakini S. umbrosa iko Pyrenees peke yake, na S. spathularis haifiki huko. Wazazi hawakutani porini. Kwa hiyo chotara huyu hangeweza kuwa mmea wa mlima wowote. Alizaliwa pale binadamu alipowaleta wazazi wawili katika kitalu kimoja. Kwa hesabu hiyo, kila kichaka cha London Pride kinachoonekana msituni au kando ya mto nchini Uingereza kimetoroka bustanini, na hakina la kusema kuhusu zama za barafu. Idadi ya kromosomu haikusaidia kitu hapa, kwa sababu spishi zote nne za kundi hili zina kromosomu 28. Laiti Webb angeitegemea hadubini peke yake, angelazimika kusema ni spishi moja.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka hapo hapo. Kama mimea hii huzaana, kwa nini isihesabiwe kuwa spishi moja? Tangu zamani wapo wanaoshikilia kwamba spishi ni jamii isiyozaana na nyingine. Katika milima ya Kerry, S. hirsuta na S. spathularis hukutana na kuzaa chotara aitwaye S. × polita, na chotara huyo ana rutuba; huzaana na wazazi wote wawili hadi bonde moja linaweza kuwa na kila umbo la katikati. Anayetembea katika bonde kama hilo akiwa na kitabu mkononi atakata tamaa. Lakini aendelee kutembea. Akiondoka katika sehemu za mchanganyiko atakuta S. spathularis safi katika milima ya Wicklow, mashariki, na kule Hispania atakuta S. hirsuta iliyo sawa na ile ya Kerry. Mchanganyiko wa miaka mingi haukuzifuta spishi mbili. Kila moja imebaki na umbo lake na makazi yake, S. hirsuta ikipendelea kivuli chenye unyevu zaidi. Mpaka unaovukwa na baadhi bado ni mpaka, ilimradi pande zote mbili zinaendelea kuwa tofauti. Tena chotara mwenyewe ni shahidi. S. × polita hupatikana pia magharibi mwa Galway na Mayo, ambako S. hirsuta haipo. Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni kwamba mzazi huyo alikuwepo huko zamani, akatoweka, akaacha watoto. Anayeziunganisha spishi hizi mbili kuwa moja anaufuta ushahidi wote huu kwa kalamu moja.

Skandinavia inatoa mfano wenye nguvu zaidi. Mwaka 1954 Gunvor Knaben wa Norwe alieleza spishi mpya, Saxifraga osloensis, kijimea kidogo cha miamba ya sehemu za Norwe na Uswidi. Watu walikuwa wamekipita bila kukitambua kwa sababu kinafanana na S. tridactylites upande mmoja na S. adscendens upande mwingine. Hizo mbili zina kromosomu 22 kila moja. Osloensis ina 44. Knaben alihitimisha kwamba ni chotara aliyezidisha kromosomu zake mara mbili na kwa hilo akapata rutuba kamili na uhuru kutoka kwa wazazi. Mwaka 1996 Christian Brochmann na wenzake waliipima upya hoja hiyo kwa vinasaba, na ikasimama. Kwa kuwa eneo hilo lilikuwa chini ya barafu nene katika zama za mwisho za barafu, spishi hii ni changa sana kwa kipimo cha maumbile. Basi hapa hesabu ya kromosomu, ambayo ilikuwa bubu kwa London Pride, ndiyo iliyoamua. Hakuna alama inayostahili kuaminiwa kila mahali, na hakuna inayostahili kudharauliwa kila mahali.

Wako wanaosema kwamba mjadala huu umekwisha muda wake, kwani leo vinasaba husomwa kwa siku chache. Kazi iliyofanywa kwa vinasaba ni kubwa na haina budi kuheshimiwa. Mwaka 1996 Douglas Soltis pamoja na wenzake, akiwemo Richard Gornall, yuleyule aliyeandika na Webb kitabu cha mwaka 1989 kuhusu saksifraga za Ulaya, walionyesha kwamba jenasi ya Saxifraga kama ilivyofahamika tangu Linnaeus si ukoo mmoja. Kundi la Micranthes liko mbali nayo, na ndugu zake wa karibu ni jenasi nyingine za familia hiyo, zikiwemo Heuchera za Amerika Kaskazini. Haworth, aliyefutwa na Engler, alikuwa ameona sawa kwa macho matupu. Lakini Robertsonia yake haikurejeshwa. London Pride imebaki Saxifraga. Vinasaba havikumpa ushindi mgawaji wala muunganishaji, vilipima kila dai kwa dai. Tena vina mitego yake. Katika Heuchera na jamaa zake akina Soltis wenyewe walionyesha kwamba DNA ya kloroplasti inaweza kuhamia spishi nyingine kwa njia ya machotara, hata mmea ukabeba kloroplasti ya jirani na mwili wa ukoo wake. Anayesoma kipande hicho peke yake atauweka mmea katika ukoo usio wake, kosa lilelile la jani kavu katika vazi jipya. Na kabla ya mashine yoyote kusoma, lazima mtu aliyeujua mmea aseme ni upi, umetoka wapi, na ulikuwa umezungukwa na nini.

Historia hii inagusa pia Afrika Mashariki, kupitia mtu mmoja. Engler alikuwa mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Berlin kuanzia mwaka 1889, na mwaka 1895 alitoa kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki. Mwaka 1902 alifika mwenyewe Usambara na Kilimanjaro, mwaka ambao kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa. Alikuja na jicho lililofundishwa na saksifraga, lakini mimea mingi ya kwetu aliieleza kwa vielelezo vilivyokaushwa vilivyopelekwa Berlin. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943 mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyiko huo. Vielelezo vya kwanza vya mimea mingi ya Tanganyika viliungua, na thamani ya nakala zilizobaki Amani, zilizohamishiwa Nairobi mwaka 1950, ikapanda mara moja.

Miongoni mwa mimea aliyoipa Engler majina ni spishi mbili za jenasi ya Saintpaulia kutoka Uluguru, mwaka 1900. Hermann Wendland alikuwa ametangulia kuieleza ile ya Usambara mwaka 1893, kutokana na mbegu za Walter von Saint Paul-Illaire. Hapa ugomvi wa Kerry ulirudiwa karibu hatua kwa hatua. B. L. Burtt wa Edinburgh, akitazama hasa aina za manyoya ya jani, alifikisha spishi kama 20. Vipimo vya vinasaba vilionyesha tofauti ndogo mno kati ya nyingi za Usambara, na mwaka 2006 Iain Darbyshire alizipunguza zikawa sita, majina mengi yakishushwa kuwa nususpishi za Saintpaulia ionantha; siku hizi zote zimeingizwa katika jenasi ya Streptocarpus. Pingamizi la wahifadhi ni zito: jina likifutwa, kipande cha msitu kilicholindwa kwa ajili yake kinapoteza mtetezi. Nakubali hatari hiyo ipo, lakini tiba yake si kubakiza jina lisilo na ushahidi. Jina la namna hiyo huanguka mbele ya mtaalamu wa kwanza atakayelipima, na msitu huanguka nalo. Nususpishi yenye mahali pake palipoandikwa vizuri hutetewa kwa nguvu zaidi, na Darbyshire alizihifadhi kwa sababu hiyohiyo ya tofauti za mahali na mahali.

Kwa hiyo kijana anayeanza kazi hii katika Taita, Nguu, Uluguru au Usambara asiridhike na kubana mmea katika karatasi. Aandike rangi ya ua likiwa bichi, umbo la kikonyo kabla hakijabapa, aina ya mwamba, kimo, kivuli na majirani. Achukue mbegu, aoteshe mimea ya milima miwili katika kitalu kimoja, na aweke nakala ya kielelezo katika zaidi ya jengo moja.